Madam wa Fizikia na Skrini Zilizokataa Kuwaka

Ukitaka kumkasirisha Madam wa Fizikia, ulihitaji neno moja tu: imeharibika. Mwambie saa ya ukutani imeharibika, au redio ya chumba cha walimu imeharibika, naye angekugeukia, miwani imemshukia puani, akuulize, "Imesema nini?" Hakutaka kujua nani ameigusa wala imeanza lini. Aliamini, tena kwa imani ya mtu aliyeokoka, kwamba kila kitu kinachokataa kufanya kazi hutoa sababu zake, ila sisi binadamu tuna haraka ya kulalamika kuliko kusikiliza.

Nilifundisha naye kwa miaka mingi, mimi Kiswahili yeye Fizikia, katika shule ya wasichana iliyo juu kidogo ya Runyenjes, huko Embu, pale kahawa inapoanza kuipisha chai. Jina lake sitalisema. Akina madam walikuwa wengi pale shuleni, lakini ukisema Madam bila kuongeza kitu, hata mpishi alijua unamsema nani.

Alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mkobani alibeba Biblia, kitana na bisibisi, na sijui kati ya vitatu hivyo ni kipi alichokitoa mara nyingi zaidi. Siku moja, mbele ya shule nzima, aliinama akakaza miguu ya kiti cha mgeni rasmi huku mgeni rasmi amekikalia na anahutubia. Mgeni alinyamaza. Madam akamwambia kwa adabu zote, "Endelea tu, sir, nakaribia kumaliza."

Subira aliihubiri kila siku, na yeye mwenyewe hakuwa nayo hata chembe. Chai ya saa nne ilimuunguza ulimi kila ilipoletwa, na kila mara alishangaa upya, kana kwamba ni chai ya juzi tu iliyokuwa moto. Kwaya ya kanisani kwao ilimweka safu ya nyuma kwa sababu alizoea kufika mwisho wa ubeti kabla ya wenzake.

Ile "imesema nini" yake haikumuacha mtu. Mwalimu Mkuu alipolalamika kwamba wazazi wamekuwa wagumu, aliulizwa wamesema nini. Mimi nilipokuja nikipiga kelele kwamba kidato cha tatu kimenishinda, hakijui kuandika insha, kimeharibika kabisa, aliniuliza vilevile. Nilikasirika. Kisha nikaenda kuwauliza, ili nimwonyeshe kwamba yeye si malaika. Wasichana wakaniambia kwamba naongea haraka mno, na kwamba nikiandika ubaoni naziba maandishi kwa mgongo. Nilikaa muda bila kumsalimia Madam.

Basi kompyuta zikaja. Zilitoka kwa marafiki wa kanisa moja la ng'ambo, za zamani, kubwa kama mitungi, na feni zake zilinguruma kama kinu cha posho. Chumba kilichokuwa stoo ya viti kikafagiliwa zikapangwa humo. Mama matroni, mwanamke mwenye mapenzi makubwa na usafi, alizifunika skrini zote kwa vitambaa vya kufuma, vyeupe vyenye maua pembeni, kama tunavyofunika televisheni nyumbani. Madam aliviondoa ili mashine zipate hewa. Matroni akavirudisha. Vita hivyo viliendelea kwa muda wote niliokuwa pale, na hakuna aliyeshinda.

Ndugu mdogo wa Madam, aliyekuwa chuo kikuu Nairobi, alimletea CD ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ndivyo alivyouita. Sikuelewa ni nini na sitajifanya nilielewa. Nilichokiona ni mwanamke mzima akiruka. Alinivuta mkono mpaka kwenye mashine, akanionyesha maandishi yakishuka. "Mwalimu, ona! Hii haifichi kitu. Inakwambia kila inachofanya, mstari kwa mstari!" Alikuwa amekutana na mashine yenye tabia aliyokuwa akiitafuta kwa watu wote wa Embu: ukiiuliza imesema nini, inajibu.

Wasichana walimiminika. Klabu ya kompyuta ikapita klabu ya drama, ambayo ilikuwa yangu, na nilikasirika tena. Aliyekuwa mbele yao wote alikuwa Wawira, mtoto wa kidato cha tatu kutoka upande wa Kianjokoma, mwenye sauti ndogo na kidole cha haraka. Sheria ya kwanza ya klabu Madam aliiandika ukutani kwa rangi: KITU KIKIFANYA KAZI, KIACHE. Aliwakaririsha wasichana sheria hiyo mpaka nikaisikia ikisemwa hata kwenye foleni ya githeri, yale mahindi na maharage ya mchana.

Mwenyekiti wa bodi hakupendezwa. Alikuwa mzee wa kahawa, mpole, mwenye kofia asiyoivua ila kwa maombi. Alikuja siku moja akasimama mlangoni, akaangalia ndani, akamwambia Madam mbele yangu:

"Madam, mimi na wewe hatuna shida. Lakini hii chumba ni yako, si ya shule. Siku wakikutransfer, hizi vitu zitakaa hapa zikikula vumbi. Na mimi niko na wasichana wanalala wawili wawili kwa kitanda moja."

"Wasichana wanazijua, Mzee."

"Wanajua kufinya-finya. Ikikataa, wanaita nani?"

Madam alianza kukunja kitambaa kimoja cha matroni.

"Siku ya wazazi nitaingia hapa," mzee akasema. "Nikiona ni wewe peke yako unaijua, tunaweka vitanda."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimuumiza pia Madam kwa kumuuliza kama ni kweli atahamishwa. Akaniambia ni kweli. Muhula ukiisha angekwenda shule moja huko chini Siakago kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Aliitaka kazi hiyo, na alikuwa ameiomba mwenyewe, lakini siku hiyo aliisema kama mtu anayetangaza matanga. "Nikitoka na chumba kikafa," akasema, "itakuwa nilikuwa nacheza tu."

Sasa nieleze alichofanya mwanamke huyu mwenye busara, wiki ileile ya siku ya wazazi, huku sheria yake ikimtazama kutoka ukutani. Ndugu yake alimletea CD mpya. Linux ilikuwa na toleo jipya, lenye madirisha maridadi, na programu ya kuchora mawimbi ya sauti. Msichana angeimba na wimbi lingeonekana. Fizikia na kwaya pamoja! Nilipoingia nilimkuta ameshaanza, macho yanawaka.

"Madam, si wewe ulisema kitu kikifanya kazi tukiache?"

"Nilisema nyinyi," akanijibu.

Angejaribu mashine moja kwanza, kama mtu anavyoonja chumvi. Hapana. Alizipa zote toleo jipya, moja baada ya nyingine, huku akiimba.

Kesho yake, saa ya klabu, wasichana waliziwasha. Maandishi yalishuka vizuri. Kisha skrini zikaingia giza, zikapepesa, zikaingia giza tena, halafu zikarudi kwenye maandishi, kila moja na mstari uleule wa mwisho. Hakuna madirisha, hakuna picha, hakuna mawimbi. Chumba kizima kilikuwa kimekodoa macho.

"Inasema haijapata skrini," Wawira akasema.

"Umesoma wapi?"

"Kwa skrini, Madam."

Tulicheka mpaka matroni akachungulia. Baadaye kicheko kikaisha, maana zote zilikuwa vilevile na siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi.

Madam alinieleza tatizo kwa maneno ya mtu wa Kiswahili. Ndani ya kila kompyuta mna kadi inayochora picha, na kadi hiyo haisikilizi mtu ila programu ndogo inayoijua, inayoitwa draiva. Toleo jipya lilikuwa limetupa draiva za zamani na kuweka mpya, na hizo mpya, kwa kadi zetu za kizee, zilikuwa kama mwalimu wa likizo asiyejua jina la mwanafunzi yeyote. Isitoshe, mfumo ulitaka kuambiwa upya skrini inaweza kuchorwa kwa kasi gani. Ukiutajia kasi inayozizidi nguvu, skrini za siku hizo ziliweza kuungua.

"Si neno," Madam akasema. "Kasi imeandikwa kwa kibandiko nyuma ya skrini. Geuzeni mnisomee."

Wasichana waligeuza skrini. Kisha wakatazamana.

Mtu yeyote aliyesoma shule ya bweni upande wetu anajua jenero, ule usafi mkuu kabla ya wageni. Mawe ya njiani hupakwa chokaa, miti hufutwa majani, sufuria husuguliwa mpaka utajiona. Matroni, alipoona vitambaa vyake vimeondolewa tena, alikuwa ameamua kwamba basi mashine zenyewe zing'ae. Wasichana walikuwa wamesugua migongo ya skrini kwa sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Hapakuwa na kibandiko hata kimoja. Plastiki ilikuwa nyeupe kama kikombe kipya.

"Tulisugua, Madam," mmoja akasema kwa sauti ya kaburini. "Matroni alisema wageni siku hizi wanaangalia mpaka nyuma."

Madam aliketi. Aliitazama skrini, akaitazama ile sheria yake ukutani, akavua miwani. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Imeharibika."

Nilihisi vibaya, sitaficha. Ilikuwa kama kumwona padri akipiga miayo madhabahuni. Halafu ile sauti ndogo ya Wawira, bila ujeuri wowote, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, ikauliza:

"Imesema nini, Madam?"

Madam aligeuka polepole. Nilidhani mtoto ataondoka pale akilia. Badala yake Madam alirudisha miwani puani, na ule uso, jamani, ule uso ukawaka! "Haya soma," akasema. "Rudi juu kabisa usome yote, usiniletee mstari wa mwisho peke yake."

Wawira akasoma. Kompyuta ilikuwa imeandika habari ndefu za kushindwa kwake, na katikati kulikuwa na mstari unaosema imekuta kadi ya picha isiyoitambua, ikaendelea bila hiyo. "Hapo!" Madam akapiga meza. Bisibisi ikatoka mkobani. Sanduku likafunguliwa, kadi ikatolewa, vumbi likapulizwa, na juu ya kile kipande cheusi kilichochomelewa katikati ya kadi kulikuwa na jina na nambari, vidogo kama mayai ya chawa. Matroni hakuwa amefika huko ndani. Walipotafuta nambari hizo katika CD ya zamani, draiva yake ilikuwepo. Wakairudisha.

Ikabaki kasi. Madam akaamua waanze na ya chini kabisa, ambayo skrini yoyote ingeiweza, wapande kidogo kidogo. Alimweka msichana mmoja na kidole kwenye swichi ya skrini. "Ikilia, zima. Usiniulize, zima." Mimi nilikuwa nimerudi nyuma mpaka mlangoni, kwa ajili ya usalama wa lugha ya Kiswahili. Walijaribu. Giza. Wakapanda. Skrini ikatoa mlio mwembamba kama mbu, Madam akapiga ukelele, swichi ikazimwa. Wakashuka kidogo. Giza, pepesa, kisha polepole ikajitandaza rangi ya kijivu ya vidoti vidoti, na katikati yake msalaba mdogo mweusi uliotulia, alama kwamba kadi imeanza kuchora.

Huwezi kuamini watu walivyopiga kelele kwa ajili ya kijivu. Wasichana walikumbatiana. Madam alicheza ile hatua ya kwaya ya kwenda kushoto, na kwa mara ya kwanza akaenda sawasawa na wenzake. Mimi nilijikuta nimerudi ndani nimemshika mkono mtu nisiyemjua, kumbe ni matroni.

Hiyo ilikuwa mashine moja. Zilizobaki zilikuwa bado na giza, na kulikuwa na Ijumaa nzima ya kuzitengeneza. Madam alifunga chumba kwa kufuli.

"Umerogwa?" nikamuuliza Ijumaa mchana, nilipomkuta anasahihisha vitabu kwa raha zake.

"Hizo zingine ni za kesho."

"Kesho mwenyekiti anakuja!"

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwenye vitabu vyake. Nilimchukia kabisa kwa muda wa kipindi kizima.

Jumamosi wazazi walifika na vikapu vyao vya chakula. Maombi yalikuwa marefu, hotuba zikafuata, kisha mwenyekiti akaongoza kundi mpaka chumba cha kompyuta. Skrini zote zilikuwa nyeusi. Hata ile iliyopona Madam alikuwa ameizima. Mzee alitazama huku na huku, na kwa kweli alionekana kusikitika.

"Madam, zimekufa?"

"Waulize wenyewe, Mzee."

Madam alikwenda kuketi nyuma kabisa, akakalia mikono yake. Nasema alikalia mikono, kiganja chini ya paja hili na kiganja chini ya lile, kwa sababu alijijua. Wasichana walisimama wakaeleza kilichotokea. Walieleza yote, hata waya wa sufuria, na wazazi wakacheka huku matroni akijifunika leso. Kisha kila msichana akamketisha mzazi wake karibu na mashine, wakaanza.

Nilimtazama mama yake Wawira. Alikuwa ametoka kuchuma kahawa alfajiri na kucha zake zilikuwa bado na weusi. Binti yake alimpa ile kadi mkononi akamwambia, "Mama, nisomee hizo namba, mimi niandike." Yule mama aliisogeza dirishani akasoma kwa Kiembu, moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma Neno kanisani, na mtoto akaandika. Kwenye mashine ya pembeni skurubu zilikuwa zinapotea, mpaka mwenyekiti akavua kofia, ile asiyoivua ila kwa maombi, akazikusanya humo. "Wekeni hapa, wekeni hapa, mtazipoteza!"

Skrini ya kwanza ilipowaka wazazi walipiga makofi. Ya pili ilipowaka walipiga vigelegele. Moja ililia, na wasichana wawili wakaizima kabla hata Madam hajainuka kitini. Nilimwona akiinuka, nikamwona akijirudisha chini. Saa ya chakula ilipofika zilikuwa zimewaka zote ila moja, na wenye hiyo moja walikataa kwenda kula.

Mwenyekiti alibaki na kofia yake ya skurubu. "Basi," akasema, "vitanda tutatafutia mahali kwingine."

Kwa wengine hadithi iliishia hapo. Kwa Madam haikuishia. Siku aliyofungasha vitu vyake, akiwa ndani ya pikapu ya kwenda Siakago, aliniambia kwamba jambo moja lilimsumbua: siku ya wazazi yeye alikuwa chumbani. Alikuwa amekalia mikono, ndiyo, lakini alikuwepo, na wasichana walijua yupo. "Mtoto akitembea akijua mama yuko nyuma yake, si kutembea kwenyewe," akasema. Nilimwambia aache wasiwasi. Akanijibu kwamba wasiwasi si redio, hauzimwi.

Tulionana tena mwaka uliofuata, nilipopelekwa huko chini kusimamia mitihani. Nilimkuta sokoni Siakago, kwenye jua kali, akichagua ndengu. Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi zaidi, na shule yake mpya haikuwa hata na stima. Alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo si la kawaida yake. Tukaulizana habari za nyumbani. Aliuliza habari za matroni, za drama yangu, za mvua. Kila kitu aliuliza isipokuwa kile, na mimi sikukitaja, kwa sababu niliogopa nitamuumiza.

Mwishowe hakuweza kuvumilia. "Na chumba?"

"Kipo."

"Mwalimu, usinijibu kama mwanasiasa."

Basi nikamwambia. Muhula huo wasichana walikuwa wamepata CD nyingine mpya, wakaiweka, na skrini zikafa tena zote. Kwa siku kadhaa kilikuwa kilio. Wawira alikuwa kidato cha nne tayari, ana mitihani yake, kwa hiyo walioshika kazi ni wadogo, wale ambao Madam hakuwahi kuwafundisha hata kipindi kimoja. Wakafungua, wakasoma, wakajaribu, wakakosea, wakajaribu. Mwenyewe nilikuwepo zilipowaka.

"Nani aliwaonyesha?"

"Wenzao wa juu."

"Na mimi... walitaka kunipigia simu?"

Hapo ndipo nilipopaogopa. "La, Madam. Simu ya ofisi ilikuwa inafanya kazi, lakini hakuna aliyekutaja. Nadhani hao wadogo hawajui hata kama ulikuwepo."

Mkono uliokuwa na ndengu ulibaki hewani, na ndengu zikaanza kumponyoka moja moja. Nikajilaumu, nikatafuta neno la kumfariji. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyetua mzigo, mpaka muuzaji akasitisha kupima na akina mama wa upande wa pili wakageuka kutazama kuna nini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Hebu rudia," akasema, akinishika kiwiko. "Pale uliposema hawanijui."

Nikarudia.